Kabla ya kupiga Windows upya, rudisheni kasi ya kiwandani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumzie kompyuta za mezani zinazoganda, zinazojizima au kutupa skrini ya bluu baada ya kuongezwa kasi kupita ile ya kiwandani. Vijana wanaita kuovakloki. Hapa Tabora utazikuta kwenye studio za picha na video za harusi, kwenye vibanda vya gemu na kwa wanaorekodi muziki. Nyingi zinanunuliwa Dar es Salaam zikiwa zimeshatumika, na aliyekuwa nazo mwanzo ameshazikimbiza. Zikianza kusumbua, dawa huwa ile ile: kupiga Windows upya. Mwenye mali analipa, anaondoka nayo, na baada ya siku mbili mashine iko tena mezani kwa fundi na skrini yake ya bluu.

Tunasema hivi: mashine iliyoovaklokiwa ikianza kuyumba, irudishwe kwanza kwenye kasi ya kiwandani, iachwe ifanye kazi zake siku mbili, ndipo mtu aguse kingine. Fundi anayeanza na Windows kaanzia mwisho, na mara nyingi anaongeza ugonjwa. Wakati wa kusakinisha, mafaili hutoka kwenye flashi yakiwa yamebanwa, yanafunguliwa ndani ya ramu (kumbukumbu ya muda), prosesa (ubongo wa mashine) inayakokotoa, kisha yanaandikwa kwenye diski. Ramu ikikosea biti moja njiani, kosa linaandikwa kwenye diski kana kwamba ndilo sahihi. Ndiyo maana usakinishaji wakati mwingine hukwama katikati ukidai faili halisomeki, fundi akalaumu flashi na kwenda kuazima nyingine. Ukimalizika salama ndiyo mbaya zaidi, maana mteja amekabidhiwa Windows mpya yenye ufa. Na picha zilizohamishwa siku hiyo, mtu anakuja kuzifungua baada ya mwezi, anakuta bibi harusi anaonekana mpaka kiunoni, chini ni kijivu kitupu.

Kwanza tuelewane kuhusu gharama ya kasi yenyewe. Kasi ya prosesa ni mapigo ya msingi, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100, mara kizidishi. Kizidishi cha 43 kinakupa gigahezi 4.3. Ukikipandisha hadi 49, prosesa inahitaji volti zaidi ili isikosee hesabu, na joto hukua kwa kufuata kasi mara volti, kisha mara volti tena. Chukua prosesa ya Intel i7-8700K, ambayo kiwandani ikiwa na kazi kwenye kore zote sita (vitengo vyake vya kuhesabu) hukimbia gigahezi 4.3. Tuseme ilikuwa inatumia volti 1.20, ukaipeleka gigahezi 4.9 kwa volti 1.34. Kasi imeongezeka asilimia 14. Joto limeongezeka asilimia 42. Video iliyokuwa inatoka kwa saa nzima sasa itatoka kwa dakika 53 hivi. Yaani mtu amepata dakika saba, na mashine ikizima dakika ya 50, amepoteza zote.

Hesabu hiyo inakuwa chungu zaidi kwetu. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11, hivyo feni ile ile ikizunguka mizunguko ile ile inabeba joto kidogo kuliko ilivyokuwa ikibeba Kariakoo. Halafu njoo Septemba na Oktoba kabla ya mvua, chumba cha bati kisicho na dari, vumbi jekundu linaingia kila mlango ukifunguliwa. Kwa makadirio ya fundi, chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo hupanda nyuzi moja. Mashine iliyopimwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 23 ikaonyesha 78, hapa kwenye nyuzi 33 itaonyesha 88 au zaidi. Na prosesa yenye joto inataka volti zaidi ili itulie kwenye kasi ile ile. Kwa hiyo muuzaji wa Dar anaweza asiwe mwongo hata kidogo: kwake ilitulia kweli.

Mtu asifikiri lakini kwamba kila kuzima ni joto. Prosesa za sasa zikifika kikomo, ambacho kwa Intel nyingi ni nyuzi 100 na kwa Ryzen za AMD za mfululizo wa 5000 ni 90 kwa zilizo nyingi, hujipunguza kasi zenyewe kabla ya kufikia kuzima. Mashine inayokuwa nzito ghafla mchana halafu usiku inachapa kazi, hiyo ni joto. Mashine inayotupa skrini ya bluu ikiwa na nyuzi 65, hiyo ina shida ya volti au ramu, na kuiongezea feni ni kupoteza hela.

Wakati inapozima ndipo penye ushahidi. Ikizima pale tu video inapoanza kutolewa au gemu zito linapofunguka, volti ya prosesa inashuka chini ya mzigo. Bayosi, programu ya kwenye bodi inayowasha mashine na kushika mipangilio hii, imeandikwa 1.30, lakini kore zote zikifanya kazi inabaki 1.22, na 1.22 haitoshi. Kuna mpangilio wa kufidia mshuko huo, bodi nyingi zinauita LLC, wenye ngazi kadhaa. Uweke ngazi ya kati. Ukiupeleka mwisho, volti itaruka juu kupita uliyoandika kila mzigo unapoachia, na prosesa inazeeka haraka. Ikizima ikiwa imekaa tu, hakuna anayeigusa, angalia kama mtu amepunguza volti kwa kutoa kiasi fulani kwenye kila kasi: juu inatosha, chini prosesa inapolala inakosa. Ikizima na kuwaka upya papo hapo bila skrini ya bluu, kama mtu amechomoa waya, tazama kwanza pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Ikipita gemu zote lakini ikaanguka kwenye programu ya video, huenda ni maagizo ya AVX, ya hesabu nyingi kwa mpigo, ambayo yanakamua prosesa kuliko kazi nyingine. Bodi nyingi za Intel zina sehemu ya kupunguza kizidishi kwa kazi hizo peke yake, nawe weka 2 au 3.

Windows yenyewe huacha kumbukumbu. Fungua Event Viewer, sehemu ya System. Kernel-Power 41 inakwambia tu kwamba mashine ilizimika vibaya, haikwambii kwa nini, ingawa tumeshaona watu wakiuziwa pawasaplai kwa sababu ya namba hiyo pekee. WHEA-Logger ndiyo ya kutafuta. Namba 19 ni kosa ambalo vifaa vimelirekebisha vyenyewe. Mashine inaonekana nzima, lakini iko ukingoni. Kwenye skrini ya bluu, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT kwa mashine iliyoovaklokiwa huelekeza kwenye volti ya prosesa, na MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye ramu. Si hukumu, ni pa kuanzia. Skrini za bluu zikiwa na jina tofauti kila siku, sisi tunaanza na ramu.

Sasa kurudisha kasi ya kiwandani. Kabla ya kubonyeza chochote, ingia kwenye bayosi na upige picha kila ukurasa kwa simu. Kila ukurasa, hata unaoonekana hauna maana. Kisha chagua Load Optimized Defaults. Kwa bodi za ASUS kwa kawaida ni F5, MSI ni F6, Gigabyte F7 na ASRock F9. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kurudisha mipangilio ya mwanzo hubadilisha pia namna diski inavyosomwa, mpangilio wa kuwaka na wakati mwingine TPM (chipu ya usalama). Kama SATA, njia ya diski, ilikuwa kwenye hali ya RAID, ikarudi ya AHCI, Windows haiwaki, na mtu anasema diski imekufa. Haijakufa. Tazama picha ulizopiga, rudisha mstari huo mmoja. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo mwenye mashine aulizwe mapema ufunguo uko wapi.

Mashine isiyofika hata kwenye bayosi inafutwa kwa mkono. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 umeme uliobaki uishe, toa betri ya CR2032 iliyo kama sarafu, subiri dakika 5. Ipime hiyo betri kwa mita: mpya ina volti 3 au zaidi kidogo, na ikiwa chini ya 2.8 weka nyingine. Betri iliyokufa ina kituko chake. Umeme ukikatika, bayosi inasahau kila kitu, mashine inarudi kwenye kasi ya kiwandani bila kuombwa, inatulia, na mwenyewe anakuja kulalamika kwamba imekuwa nzito.

Tukumbushe pia kwamba sanduku hilo, ambalo wengi wanaliita CPU, limesafiri kilomita mia kadhaa. Hitisinki (vyuma vya kupoza prosesa) kubwa za mnara zina uzito wa karibu kilo moja, zinaning'inia kwa skrubu chache tu. Mtikiso wa buti la basi unatosha kulegeza moja. Fungua, shika hitisinki, ijaribu kwa vidole: ikicheza, toa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo kila upande. Vumbi lipulizwe huku feni imezuiwa kwa kidole isizunguke. Na tunaomba sana, msipeleke mashine kwa mzee wa pancha. Ule upepo wa kompresa una maji na oili.

Ikiwa siku mbili kwenye kasi ya kiwandani zimepita bila tatizo, kazi imekuwa rahisi: hakuna kilichoharibika, ni mipangilio tu. Ikiwa bado inazima, kuovakloki hakuna kosa, na hapo tunaenda kwenye ramu na umeme.

Ramu ya DDR4 nyingi husoma kasi ya 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2 ikiwa imeachwa kama ilivyo. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye stika, 3200 au 3600, mara nyingi hupatikana kwa kuwasha profaili ya XMP, ambayo hupandisha volti hadi 1.35. Wengi hawajui kwamba hiyo nayo ni kuovakloki, kwa sababu kidhibiti cha ramu kiko ndani ya prosesa, na prosesa mbili za jina moja hazivumilii sawa. Vijiti vinne ni vizito kwake kuliko viwili. Vijiti vya kampuni mbili tofauti vilivyochanganywa kwa sababu mteja aliongeza ramu mwaka uliofuata ni bahati nasibu. Weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, iwashe mashine nayo, iache ipite raundi nne. Kwa gigabaiti 16 hiyo ni kazi ya usiku. Kosa moja tu linatosha kuikataa, msikubali maneno ya makosa machache. Likitokea, zima XMP, rudia. Likiendelea, bakisha kijiti kimoja kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa, pima, badilisha kingine, pima. Wapo wanaosugua meno ya ramu kwa ufutio wa penseli. Inasaidia siku ile, ila unakwangua dhahabu na kuacha mabaki ndani ya tundu. Spiriti na kitambaa laini vinafanya kazi hiyo hiyo.

Umeme ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Soma stika ya pawasaplai, na usisome ile Watt 500 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa +12V. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: ni Watt 216, na hizo ndizo zinazolisha prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo zinazokula karibu kila kitu. Prosesa iliyokimbizwa inaweza kula 150 peke yake. Kadi ya Watt 120 ikianza kazi, hesabu imeshapita. Pima kwa mita kwenye waya wa njano na mweusi mashine ikiwa chini ya mzigo, si ikiwa imekaa. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.40 hadi 12.60, waya mwekundu 4.75 hadi 5.25. Ikisoma 11.5 na kuendelea kuteremka kadiri kazi inavyokolea, inunuliwe nyingine, isifunguliwe. Kapasita za ndani zinabaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa, na hizo zinaua.

Jioni umeme unaposhuka, pawasaplai dhaifu inakuwa dhaifu zaidi. Yupiesi (kifaa cha betri ya akiba) ya VA 650 nayo haibebi Watt 650. Nyingi huishia chini ya 400. Ukiiwekea mashine iliyokimbizwa, skrini mbili na printa ya leza, itazima pale pale umeme unapokatika, na watu watasema yupiesi ni mbovu.

Kadi ya grafiki haina maneno mengi. Madoa ya rangi na mistari kwenye gemu mara nyingi ni kasi ya ramu yake. Programu ya kupandisha kasi ifungwe na vitelezi virudishwe sifuri, basi.

Kwa anayetaka bado kasi yake, na hatumkatazi, apande ngazi moja kwa wakati. XMP peke yake kwanza, MemTest86 ikapita. Kisha kizidishi, kimoja kimoja, kila kimoja ni megahezi 100. Baada ya kila hatua fungua HWiNFO64, inayoonyesha vipimo, upande mmoja wa skrini na Prime95, inayobebesha prosesa hesabu nzito, upande mwingine, chagua Small FFTs, dakika 30. Angalia safu mbili tu: volti ya prosesa na joto la kore yenye moto zaidi. Kazi kumi na mbili za programu, mbili kwa kila kore, zinahesabu, feni inaunguruma, volti imesimama 1.26, joto linapanda 71, 76, 80, linatulia. Dakika ya 19 mstari mmoja unasimama: kosa la ukadiriaji limefika 0.5 ilhali lilitakiwa liwe chini ya 0.4. Zile kumi na moja zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashine haijazima, skrini iko safi, muziki unaendelea kupiga. Lakini imekosea hesabu, na kwenye studio hilo ndilo kosa linaloingia ndani ya faili la mteja bila mtu kujua. Hapo ongeza volti 0.01 au 0.02 na urudie, au shuka kizidishi kimoja. Kwa Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10 hatupendekezi kupita volti 1.35 kwa kazi ya kila siku, na kwa hali ya hewa ya hapa joto libaki chini ya 85. Ukivigusa viwili kwa mpigo hutajua kipi kimekuangusha.

Wenye Ryzen wana habari nyingine. Ukiifunga kasi moja kwa kore zote, mara nyingi kazi nyepesi zinakuwa polepole kuliko kiwandani, kwa sababu prosesa hiyo ilikuwa inajirusha yenyewe juu zaidi kwa kore moja au mbili. Wanaogusa mapigo ya msingi ya megahezi 100 waache kabisa. Kwenye bodi nyingi za Ryzen mapigo hayo yanabeba pia njia za diski na kadi, na 104 tu inaweza kuharibu mafaili.

Kuna mashine zinazoyumba ambazo hakuna aliyezigusa. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14, za Watt 65 na kuendelea, zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Intel ilikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho yanayoingia kupitia bayosi, likiwemo lile la namba 0x129 la mwezi Agosti, ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Hizo bayosi yake isasishwe. Isasishwe ikiwa kwenye kasi ya kiwandani na ikiwa kwenye yupiesi, kwani umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena. Prosesa iliyokwisha kuumia lakini haiponi kwa marekebisho hayo. Na kwa wenye Dell OptiPlex au HP za ofisini, bayosi zao kwa kawaida haziruhusu kuovakloki. Fundi akikwambia ya kwako imekimbizwa, mwombe akuonyeshe ni wapi.

Ombi letu kwa wauzaji na mafundi wenzetu ni karatasi moja. Iandikwe kizidishi, volti ya prosesa, ngazi ya LLC, kasi na volti ya ramu, joto la juu lililoonekana, joto la chumba siku hiyo, na tarehe. Ibandikwe upande wa ndani wa mfuniko wa sanduku, mbali na feni, mahali ambapo fundi atakayefuata ataiona kabla hajachomeka flashi ya Windows.

Mafundi kompyuta,
Isevya, Tabora